Maisha ya Mama Shibe na Sufuria Yake

Alizaliwa mwaka wa ukame, binti wa mponda kokoto, akabatizwa haraka haraka kwa kuwa mkunga hakudhani angefika asubuhi. Akafika. Aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, naye fundi akafariki mapema akimwachia watoto watatu na chumba kimoja nyuma ya soko. Hapo ndipo mja huyu wa Mungu alipoitwa, si kwa njozi, bali kwa kitinda mimba wake aliyevimba miguu. "Usimjaze uji mtupu, dada," muuguzi wa zahanati alimwambia. "Mpe maharage, mboga za majani, na yai ukilipata."

Tangu hapo akawa mfagiaji wa soko, apate kuokota majani ya nje ya kabeji yanayotupwa na wachuuzi, ilhali ndiyo yenye afya. Aliloweka maharage tangu jioni yasije yakala mkaa, akaunga mboga kwa karanga zilizovunjika, na dagaa waliobaki chini ya gunia akawasaga na kuwanyunyiza kwenye uji. Miguu ya mtoto ikanywea, akaanza kukimbia, na majirani wakamwita mamaye Mama Shibe. Kila mlo aliwapakulia wanawe, kisha akarudi jikoni kukwangua sufuria kwa mwiko, kwa kishindo. "Mimi nakula ukoko huku, nyie kuleni!" Nao wakala kwa amani.

Jaribu lake lilitoka kwa watu wa sala, na hilo linauma kuliandika. Akina mama wa jumuiya ya kanisa, walipoona watoto wananawiri kwa ujira wa ufagio, walisema sufuria ile ina baraka, haiishi. Basi unga waliokuwa wakimchangia wakaupeleka kwingine, na juu yake wakamletea yatima wawili. "Kwako chakula hakina mwisho," mwenyekiti wao alimtania. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mama Shibe aliwatazama wale watoto. Angekataa, wangelala wapi, wangekula nini? Akawapokea, akawapakulia, akaenda kukwangua. Mwenyeji hakupona. Alipokonda, walisema anafunga. Midomo ilipopauka, walisema ni sala nyingi.

Alianguka sokoni na ufagio mkononi, na muuguzi yule yule hakupata damu ya kutosha ya kumwokoa. Mazikoni mwenyekiti alisimama kushuhudia muujiza wa sufuria. Binti mkubwa akamkata kauli. "Acheni, mama zangu. Ilikuwa inaisha kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha, haikuwa na ukoko. Alikuwa anakwangua chuma. Akaniapisha nisiseme, eti wadogo wakijua hawatakula." Mwenyekiti alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

Anayetaka kumwiga na aokote majani, aloweke maharage, asimfukuze yatima. Lakini asiufiche utupu wake. Katika jumuiya ile sasa mpishi hupakuliwa kwanza, mbele ya macho ya wote, na hakuna anayenawa mikono kabla mpishi hajameza tonge la kwanza. Ni desturi njema, nayo imechelewa. Watoto wote watano wako hai, wana afya. Yule aliyevimba miguu, ambaye leo ni mtu mzima, hajawahi kumaliza sahani yake. Ukimwuliza, husema hiyo iliyobaki ni ya mama.