Miguu ya Mbele ya Pikapu Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Foromani wa karakana ya malori ya baraza la jiji alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akanipa koleo na magunia matupu, akaniambia niyajaze mchanga. Nilijaza mpaka adhuhuri nikijiuliza kama nimeajiriwa kuwa fundi au mjenzi. Baadaye akanifanya niyapakie kwenye lori lililokuwa likirekebishwa springi: mengi nyuma, mawili pale dereva na utingo wanapokaa.

"Gari tupu linadanganya," akasema. "Lisipobeba kile litakachobeba barabarani, usipime kitu. Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, Foromani."

Nilitumikia baraza hilo maisha yangu yote ya kazi. Nilianzia malori ya taka, nikahamishiwa matrekta ya kukata nyasi, kisha nikarudishwa karakana kuu chini ya Mkaguzi wa Magari, bwana mkimya aliyegonga ekseli kwa nyundo ndogo na kuinamisha sikio asikie kama ina ufa. Mwishowe nikawa foromani mimi mwenyewe, na magunia ya mchanga yakawa yangu. Nyinyi mnaochomeka kompyuta kwenye gari mtacheka. Chekeni tu.

Nilipostaafu nilipata kibanda cha ufundi Kariobangi. Kazi niliyoifanya hapo kwa moyo wangu wote ni moja, nayo ilikuwa ya pikapu yetu wenyewe.

Pikapu hiyo ina umri mkubwa kuliko Nekesa, kifungua mimba wetu, na ndiyo iliyowaleta watoto wetu wote nyumbani kutoka hospitali. Mbele ilikuwa na ekseli moja ya chuma, kutoka gurudumu hadi gurudumu, iliyokaliwa na springi za vyuma bapa vilivyopangana kama chapati. Tairi moja likipanda jiwe, gari zima linapanda jiwe. Tulipokuwa vijana ilituchekesha. Kisha Mama Nekesa, mke wangu, akaanza kuumwa mgongo, na kila tuta likawa msumari. Matatu zilimrusha vilevile. Teksi aliipanda mara moja, dereva akawa na haraka zake, naye mke wangu akarudi nyumbani analia.

Dada yake mkubwa, Rispa, anaishi Shauri Moyo, na magoti yake hayamfikishi mbali na mlango. Hawa wawili walizoea kukaa pamoja kila Jumapili wakimenya njugu na kuwasema waume zao. Sasa walibaki na simu tu. Nilimsikia mke wangu akiongea naye jikoni, halafu simu ikikatika anabaki ameishika mkononi. Iliniuma sana. Fundi mzima, na mke wangu hawezi kufika Shauri Moyo!

Nikatafuta gari dogo la abiria lililogongwa nyuma, mbele likiwa zima. Magari hayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake na springi yake ya mzunguko, kwa hiyo moja likipanda tuta jingine halijui. Vyote hushikwa na chuma kipana kinachopita chini ya injini. Mpango wangu ulikuwa kukata ekseli ya zamani, kukitoa chuma hicho chote kwenye gari hilo, na kukichomelea kwenye chesisi ya pikapu. Njoroge, mchomeleaji wa banda la jirani, alikubali kunisaidia.

Tulitoa injini apate nafasi. Nikashusha timazi, nikapiga mstari wa chaki, nikapima mara tatu. Akachomelea kazi safi. Siku ya tatu tukarudisha injini, na pikapu ikazama mbele mpaka matairi yakagusa madigadi, magurudumu yameinamiana vichwa.

"Buda," Njoroge akasema polepole, "hii kitu imelala. Ulipima ikiwa empty?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Mimi, niliyejaza magunia ya watu wote!

Tukakata kila kitu, tukaanza upya. Safari hii injini ilifungwa mahali pake, tangi likajaa, nami nikampigia mke wangu simu aje.

"Kaa humu, Mama Nekesa."

"Imeshapona?"

"Bado. Nataka kupima."

"Kwa hivyo leo mimi ndiye gunia la mchanga," akasema, akapanda taratibu akijishika kiuno. Alikaa pale saa nzima akichambua sukuma wiki, nami nikiwa chini yake na kipimo, nikiviona viatu vyake kupitia tundu la sakafu. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa uforomani.

Nikaiendesha peke yangu wiki mbili, nikikaza, nikirudi, nikiikagua mishono ya Njoroge kwa nyundo. Jumapili moja nikamfungulia mlango.

Jogoo Road nilikwenda mwendo wa harusi. Kila tuta nilikaza meno kwa niaba yake, nikisubiri ule mguno. Haukuja. Nikafikiri ananificha, maana ni mtu wa kuficha maumivu. Tulipokaribia Shauri Moyo nikageuka nimwombe msamaha. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani.

Niliupita mlango wa Rispa. Nikazunguka mtaa, nikapita tena. Mara ya tatu Rispa alikuwa amesimama nje na fimbo yake.

"Shemeji, kwani umesahau nyumba?"

Nikasimama, nikamwonyesha kwa kidole. Akajikokota mpaka dirishani, akachungulia. Sauti yake ikashuka.

"Usimwamshe," akasema. "Niletee tu kiti."

Nikamletea. Akakaa kando ya mlango wa pikapu, akaingiza mkono dirishani, akaushika mkono wa mdogo wake, na sisi watatu tukakaa hivyo hivyo mpaka alipoamka.