Siku Niliposema Simfahamu Vizuri

Simu ya kuniita kambini ilinikuta shambani Endagikot, nang'oa vitunguu saumu na mke wangu. Nilikuwa likizo. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeondoka, udongo ni laini, kazi inakwenda. Mke wangu hakuuliza ninapelekwa wapi. Aliuliza kama nitakuwepo siku ya mnada. Nikamwambia sidhani.

Wiki sita baadaye nilikuwa nchi jirani, katika kijiji cha pwani ambacho magaidi walikuwa wamekichoma mara mbili. Tulikuwa kikosi cha mataifa kadhaa. Mimi, koplo, niliwekwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu wenyeji walielewa Kiswahili. Nilikuwa na Gwandu wa Dongobesh, ambaye tulianza naye mafunzo siku moja. Tukiwa wawili tuliongea Kiiraqw, lugha ya kwetu, wenzetu wakadhani tunagombana.

Mwanzoni faida ya kuwepo kwetu ilionekana kwa macho. Barabara ilifunguka. Watu waliojificha porini walirudi, kwanza wanaume, kisha wanawake na kuku wao na magodoro. Soko likaanza upya. Meza zake nyingi zilitengenezwa na fundi seremala aitwaye Abdu, na mkewe Zaituni alituuzia mihogo ya kukaanga. Abdu alipenda kuniuliza habari za baridi ya kwetu. Alicheka sana kusikia kwamba tunalala na mablanketi matatu.

Ijumaa moja mchana bomu lililofukiwa barabarani lililipua lori letu la maji. Askari wawili walikufa. Tukaamriwa kuwatoa wanaume wote msikitini.

Waliketi juani, mikono kichwani. Abdu alikuwa wa tatu.

Ofisa alipita kwa mmoja mmoja, mimi nikitafsiri. Alipofika kwa Abdu alinigeukia.

"Huyu unamfahamu?"

Abdu aliinua macho.

Maiti za wenzetu zilikuwa chini ya turubai, hatua chache kutoka pale. Bunduki zote zilikuwa zimekokiwa. Niliogopa kuonekana nawatetea waliokamatwa.

"Namwona tu sokoni, afande. Simfahamu vizuri."

Walimpakia kwenye lori pamoja na wengine kumi, wakawapeleka kuhojiwa. Zaituni alinikimbilia. Nilimwambia atarudi kesho.

Alirudi baada ya siku ishirini na sita. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Nilimsalimia, akanipita. Kuanzia wiki iliyofuata hakuonekana tena kijijini. Zaituni aliendelea kukaanga mihogo, ila sisi hakutuuzia.

"Wamemharibu yule," Gwandu aliniambia. "Na sisi tumewasaidia."

Nilimwambia anyamaze.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja tulikuwa kwenye lori la pili la msafara, tukitoka kuchukua chakula. Mikorosho ilikuwa imebana barabara pande zote.

Lori la mbele lilisimama.

Dereva wetu akafunga breki.

Risasi zikaja kutoka kushoto.

Niliruka mtaroni. Gwandu aliruka nyuma yangu, akaniangukia mgongoni, hakuinuka. Nilisikia damu yake ya moto ikiingia kwenye kola yangu. Nikapiga risasi kuelekea kwenye mikorosho mpaka zikaniishia.

Washambuliaji walipokimbia tulikwenda kukagua. Walikuwa wameacha maiti nne. Ya mwisho ililala ubavu, bunduki ikiwa katika mkono wa kushoto.

Alikuwa Abdu.

Sikumwambia mtu yeyote.

Sasa nimestaafu. Mwalimu mmoja, jirani yangu, huniuliza kama vita ile ilipunguza ugaidi au iliongeza. Anataka neno moja. Mimi niliona soko limejaa watu ambao bila sisi wangekuwa wamekufa. Niliona pia mtu mmoja akigeuzwa kuwa gaidi, na mimi nilichangia. Huenda Abdu alikuwa mwenzao tangu mwanzo. Nimejaribu kuamini hivyo, nimeshindwa.

Mwaka jana nilikwenda Dongobesh kwa mama yake Gwandu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilimweleza yote, hata nilichomjibu ofisa. Alisikiliza huku akipepeta maharage, kisha akaweka ungo chini.

"Ungesema unamfahamu, Gwandu angekuwa hai?"

"Sijui, mama."

"Na hao waliorudi sokoni, ni wengi?"

"Wengi sana."

Aliuchukua tena ungo wake.

"Basi usiniulize mimi kama ilifaa," alisema. "Waulize wao. Ukimaliza, nenda kamuulize na mke wa yule fundi."

Sijaenda. Zaituni alihama kabla hatujaondoka, na hakuna aliyekubali kuniambia alielekea wapi.