Nilivaa Vizibo vya Masikio Sawasawa, Nikaandikiwa Onyo

Admin, jina langu baki nalo wewe, huku kwetu Nkende wote tunajuana. Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, mwaka wa nne huu nafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kelele zake unazisikia mpaka kwenye meno.

Siku ya kwanza tulipewa vizibo vya masikio, vile laini vya njano, basi. Hakuna aliyetuonyesha vinavaliwaje. Msimamizi hukagua akiwa mlangoni: akiona njano sikioni, umevaa. Asipoiona, rudi nyumbani. Kwa hiyo wote tulivichomeka juujuu ili vionekane. Mimi ndiye nilikuwa hodari wa kuvionyesha, ujinga mtupu.

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho aliniita nikiwa nimempa mgongo, sikusikia. Akalia, akidhani nimemnunia. Iliniuma sana, nikaenda hospitali. Nesi akanipima, akasema sikio la kushoto limepungua kusikia na halitarudi kama zamani. "Mama, hebu nionyeshe unavyovaa." Nikamwonyesha, akatikisa kichwa. Akanifundisha: kizibo kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu, kisukume ndani, kishikilie mpaka kijae. Kelele za wodini zikapotea. Somo lenyewe halikuchukua hata muda wa kumenya ndizi moja, na mimi nimekaa miaka yote hiyo.

Kesho yake nikavaa hivyo. Msimamizi akanisimamisha. "Wewe mama, vizibo viko wapi?"

"Viko ndani. Sogea uangalie."

"Mimi sichungulii masikio ya watu. Toka."

Jioni akaniletea nyumbani barua ya onyo nisaini, eti nakiri huwa sivai. Nikisaini, uziwi wangu ni kosa langu mwenyewe. Nisiposaini, Jumatatu nisionekane pale. Mume wangu anasema, "Saini mama, watoto watakula masikio?" Nampenda, lakini hapo amenikera.

Sijasaini. Tena wenzangu watano nimeshawafuata getini wakati wa chai nikawafundisha, na wawili wao wameniambia kumbe nao huwa hawasikii simu ikiita.

Kwa hiyo ndugu zangu, kusaini msinishauri, hilo nimeshamaliza. Niambieni hili tu: malalamiko yangu niyapeleke kwa nani kabla ya Jumatatu, wakati bado nina sikio moja la kusikia majibu yake?