Vibarua wa Mawe

Mnunuzi aliyekuja kwetu Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, na picha kwenye simu alinieleza kuwa vilivyokuwa pichani ni vijisanamu vya Misri ya kale. Mkubwa akifa, alizikwa navyo. Huko ahera akiitwa kwenda kulima, kijisanamu kingeitika, "Niko hapa!" na kushika jembe badala yake. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yaani hata kaburini mkubwa hashiki jembe!

Nilikubali kuchonga mia mbili. Jiwe letu ni laini na halina makuu; jana lilikuwa kiboko, leo ni mtumishi wa Farao. Kila kimoja nilikipa jembe kifuani, nikakipiga msasa majini hadi kikang'aa kuliko kipara cha mzee wa kanisa siku ya Sabato.

Kwetu mtu akifa, majirani ndio huchimba kaburi, na kila mmoja huja na jembe lake. Mimi nikawa mtu wa udhuru. Jirani wa upande wa juu alipofiwa na mkewe, nilituma salamu: nina oda. Wa chini alipofiwa, oda tena. Nilijiona mtu wa maana sana, nikasahau kwamba ukiona cha mwenzio kinanyolewa, chako tia maji.

Kisha mama yangu akafa.

Asubuhi ya kuchimba, wanaume walikuja, wakakalia viti vya plastiki na kunywa chai yetu. Hakuna aliyebeba jembe. Jua likapanda, na mama alikuwa njiani kutoka mochari. Nikamwendea jirani wa juu, mzee aliyenifundisha kushika tupa.

"Mzee, nisaidieni. Mama atafika kabla ya kaburi."

Akatazama katoni zangu barazani. "Si uko na watu mia mbili hapo? Na kila mtu ako na jembe. Waite tu."

Watu wakacheka. Niliona haya, tena nilistahili. Nikaanza kuchimba peke yangu. Shimo liliponifika magotini, mzee akaja akaninyang'anya jembe.

"Toka. Unachimba kama mtu anachonga. Na usifikirie ni wewe nachimbia."

Wengine wakainuka kumfuata.

"Kila matanga ulikosa," akasema bila kunitazama, "tukiuliza uko wapi, mama yako alikuwa anachukua mtungi anaenda kutuchotea maji. Na ule mgongo wake wa kuuma. Alikuwa anasema, 'Niko hapa badala yake.'"