Kalamu ya Kijani

Mwalimu wa lugha, jirani yangu wa meza katika ofisi ya walimu, husahihisha kwa kalamu ya kijani na hupuliza kila ukurasa kama anayepoza chai. Adui yake ni "nilihuzunika sana". Wanafunzi wakiandika shajara ya mhusika, huyakata maneno hayo na kuandika pembeni: Mwili ulifanya nini? Muhula huu mhusika ni fundi cherehani aliyefiwa na mama yake. "Fundi haandiki kama waziri," huwaambia kwa sauti ya chini, vidole vikisugua chaki isiyokuwepo. "Nani kaandika 'nilighadhibika'? Kwa sindano kuvunjika? Mpe 'nilikereka'. Ghadhabu mwekee akiba."

Jumatatu alirudi kutoka kumzika mama yake mwenyewe. Nilimpa pole, nikamwuliza anaendeleaje. "Salama tu," akasema, akavuta rundo la madaftari. Kwenye daftari la tatu kalamu ilishuka kama kawaida yake, kisha ikasimama hewani. Nikachungulia: "Leo tumemzika mama. Nilihuzunika sana." Aliutazama mstari huo kwa muda ambao siku nyingine humaliza madaftari mawili. Akatia alama ya vema, akapuliza wino taratibu. Mchana mwenye daftari akaja mlangoni, ana wasiwasi. "Mwalimu, hapa umesahau kukata." Alilipokea, akasoma tena, akamrudishia.

"Sijasahau," akasema. "Nilitafuta mengine, sikuyapata."