Ukuta wa Nyuma wa Bi Nasiha

Mume wangu Chirau ni mkaidi, na mimi niliyeishi naye miaka thelathini na moja ndiye wa kulisema hilo. Alitoka Kinango kijana, akaingia Bandari ya Kale kufanya kazi ya kalafati: kushindilia pamba yenye mafuta kwenye mianya ya mbao za majahazi, maji yasipenye. Majahazi yalipopungua akahamia majumbani. Akajifunza kupiga lipu ya chokaa kwenye kuta za matumbawe, na Mji wa Kale wote ukamjua. Chokaa yake lazima ilale shimoni miezi mitatu, iive. Ukimhimiza, anakusanya vyombo vyake anakwenda zake. Wallahi, kuna miezi tuliushushia ukaidi huo kwa chai ya rangi tupu, bila kitafunio.

Alilegea mara moja tu, kwa Bi Nasiha. Nyumba yake ni ya ghorofa mbili, mbele ina roshani ya mbao, nyuma inatazama bandari. Mwezi ule alikuwa akimwoza binti yake, ukuta wa nyuma unamong'onyoka, na wageni wako njiani kutoka Lamu. Akamwambia, "Fundi, nistiri." Chirau akaacha chokaa, akapiga saruji. Siku mbili tu ukuta ukawa laini, harusi ikapita, watu wakasifu.

Saruji haipumui, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akinihubiria hayo miaka yote. Unyevu wa chumvi unaopanda kutoka chini ukakosa pa kutokea, ukabaki ndani unakula. Baada ya masika mawili ukuta ukatoa tumbo, chumba cha juu kikanuka uvundo. Abdulbasit, mwana wa Bi Nasiha, akaleta mhandisi. Mhandisi akagonga mara mbili tatu, akasema nyumba imezeeka, itawaangukia. Na mnunuzi hakuwa mbali, anataka kiwanja tu.

Ukoo ule una desturi yake: hawauzi wala hawabomoi bila ya neno la fundi wa nyumba. Bi Nasiha akamwita Chirau, akamuuliza mbele ya mwanawe, "Fundi, imekufa kweli?"

Chirau akaupapasa ukuta. Akajua pale pale kuwa si uzee, ni saruji yake. Ikibanduliwa na ukuta ukaachwa ukauke, nyumba itasimama. Akajibu, "Nitafikiri, Bi." Akarudi nyumbani Likoni, hakugusa chakula.

Siku ya tatu ndipo aliponitolea yaliyomkaa moyoni. Nilimwakia! "Wewe unalinda jina, mwenzio anapoteza nyumba alimozaliwa?"

"Nikisema, Sidi, nani atanipa tena ukuta?"

"Usipewe! Nitakaanga mihogo, tutakula. Huoni haya, mtu mzima?"

Akakaa kitandani ameinama, mikono ile mikubwa imelala mapajani. Nilimwonea huruma, sisemi uongo, lakini sikumwachia. Nikamtupia shati, nikajifunga leso, nikafuatana naye mpaka Feri na kuvuka, asije akageuka njiani akarudi.

Tulimkuta Bi Nasiha barazani na Abdulbasit. Tukaamkiana, tukakaribishwa kahawa. Chirau hakuketi.

"Bi, kosa ni langu. Ni ile saruji. Nyumba yako haijafa. Nipe miezi mitatu, niibandue na kupiga chokaa, sitaki hata senti."

Abdulbasit akaweka kikombe chini. Mama yake akasema taratibu, bila hasira, na hapo nilitamani hata angemtukana.

"Nimetia sahihi asubuhi hii, Chirau. Nilikungoja siku tatu. Nikasema, fundi wangu akikosa la kusema, basi imekufa kweli."

Ndipo mume wangu alipoketi. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, barazani kwa watu.

Wabomoaji walikuja mwezi uliofuata. Kibali cha kubomoa nyumba ya kale kama ile kilipatikanaje, usiniulize. Chirau alikwenda kila siku, akasimama upande wa bandari, na hakuna aliyemsemesha. Walianza kwa kubandua saruji, ikatoka mapande kwa mapande. Halafu wakaugeukia ukuta wenyewe, ule uliosemwa utaanguka bila kuguswa. Uliwachukua siku nne kuuangusha.