Mikate Miwili, Mawe Arobaini

Mchanga wa mtoni ukiwa bado mbichi una harufu yake. Si ya udongo, si ya mvua. Ni kama harufu ya ndani ya mtungi uliolala bila kifuniko. Mwezi uliopita lori lilisimama mbele ya ploti yangu hapa Emali, maji bado yanadondoka kwenye mbao za nyuma, na kabla dereva hajashuka mimi nilikuwa nimerudi darasa la tano, miguu mitupu, nikiswaga punda mwenye mitungi minne.

Tulikaa upande wa Kasikeu, kando ya mto ambao mgeni asingeuita mto. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana. Maji yalipita juu yake siku chache kwa mwaka, kisha yakazama chini yakakaa huko. Ukitaka kunywa, ulichimba. Kila boma lilikuwa na kisima chake mle mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba ng'ombe wasiingie, na kila kisima kiliitwa kwa jina la mwanamke aliyekichimba. Chetu kiliitwa cha Mama Nduku. Nduku ni mimi.

Nilikipima kwa mkono. Baada ya mvua, maji yalikuwa chini ya mchanga kiasi cha kiganja. Agosti yalishuka hadi kiwiko. Oktoba, kwapa. Hayakuwahi kupita kwapa. Nilipima asubuhi, nikapima tena jioni, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozaliwa. Hata wali wa harusi nilihesabu vipande vya nyama kabla ya kuanza kula.

Siku lori lilipokuja mara ya kwanza, lilinikuta barabarani na punda. Dereva alikuwa mtu mnene wa mizaha, na nyuma alibeba mataniboi wawili wenye mabeleshi.

"Kasichana," akaniita, "hapa gari inateremkia wapi? Kingo zote zimesimama kama ukuta."

Nilijua. Kulikuwa na njia ya ng'ombe nyuma ya kichuguu kikubwa, imelala vizuri, inatokea pale pale kwenye visima. Lakini sikumwambia. Nilimuuliza anataka kufanya nini huko.

"Kuchota mchanga."

Nilicheka. Mchanga kwangu ulikuwa kitu cha kukung'uta kwenye kiatu, na sikuwa na kiatu. Mtu mzima, na lori zima, anatafuta mchanga! Nikajua nimepata mjinga wa kutosha.

Akanitolea mkate mmoja, ule wa kufungwa kwa karatasi ya nta. Nikaangalia pembeni, nikashika kamba ya punda kama mtu anayeondoka. Akaongeza wa pili. Nikasema na mitungi yangu ibebwe hadi kwetu. Hapo akapiga usukani kwa kucheka. "Huyu mtoto atanunua Nairobi!" Lakini alikubali. Ndiyo ilikuwa biashara yangu ya kwanza, na siku ile niliona ni nzuri sana.

Mama aliigeuza ile mikate mikononi, mmoja, kisha mwingine.

"Imetoka wapi?"

"Nimeokota, mwaitu," nikasema, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Miwili? Na karatasi yake?"

"Ndiyo."

"Hiyo barabara imeanza kuwa na huruma," akasema, akachukua kisu. Kipande cha mwisho cha mkate, kile kigumu, alikitaka Mutua, ndugu yangu wa miaka mitatu, kwa sababu kilikaa mdomoni muda mrefu.

Wiki hiyo lori lilikuja mara nne. Wiki iliyofuata yalikuwa malori matatu, na sikuweza tena kuyahesabu nikiwa shuleni, ila nilihesabu alama za magurudumu jioni. Agosti maji ya kisima chetu yalikuwa kwapani. Septemba nililala kifudifudi, nikaingiza mkono wote mpaka shavu likagusa mchanga, na vidole vyangu vikakuta jiwe. Jiwe kavu. Nilipima tena upande wa pili wa kisima. Jiwe.

Tukaanza kuchota kwenye dimbwi la chini, ambako ng'ombe walinywa wakiwa wamesimama ndani. Mama alichuja maji kwa leso. Yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Kuni zilipokuwepo tuliyachemsha, zisipokuwepo tuliyanywa hivyo hivyo. Mutua aliumwa tumbo siku nne. Siku ya tano hakuumwa.

Sina mengi ya kusema juu ya siku hizo. Watu walikuja, wakaimba nyimbo za kanisa, wakala, wakaondoka. Nakumbuka nilihesabu viti vilivyoazimwa, nikavirudisha, na hakuna hata kimoja kilichopotea.

Baada ya mazishi kikundi cha mwethya kilikutana. Mwethya kwetu ni watu wa kijiji kufanya kazi pamoja: leo shamba la huyu, kesho nyumba ya yule, na asiyekuja hutozwa faini. Wengi walikuwa wanawake, na mwenyekiti alikuwa Mama Kalekye, mwanamke mfupi aliyeongea polepole kama anayechagua maharagwe. Walikuwa wameshaenda kwa chifu. Chifu aliwaambia malori yana karatasi. Mama Kalekye akauliza kama karatasi hiyo inanyweka, wakarudi nyumbani.

Kesho yake walipanga mawe kukata ile njia ya ng'ombe, wakakaa nyuma yake na sufuria, watoto mgongoni, majembe miguuni. Walipika pale, wakala pale. Nami nilikuwa pale. Siku ya pili malori yakaja, na la mbele liliendeshwa na rafiki yangu mnene.

"Akina mama," akasema kwa upole, "mchanga ni wa Mungu."

"Basi Mungu aje na beleshi lake," Mama Kalekye akamjibu. "Wewe lori lako ligeuze."

Wanawake wakacheka, na kicheko kile kilimuuma kuliko mawe. Akatazama huku na huku akatafuta pa kushika, akaniona.

"Mnaniita mwizi? Muulizeni huyo kasichana! Si ndiye alinionyesha hii njia kwa mikate miwili?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilitazama miguu yangu. Vidole kumi. Nikarudia, kumi.

Mama akasimama. Alikuwa bado amefunga kitambaa cha matanga.

"Mimi ndiye nilimtuma," akasema. "Mikate tulikula kwangu."

Mama Kalekye alimtazama muda mrefu. Kisha akawageukia wale madereva kana kwamba hajasikia kitu kingine chochote, akawaambia jua linapanda. Malori yalirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Yalijaribu mara mbili zaidi wiki ile, yakakuta sufuria ziko motoni.

Kiangazi hicho mwethya walijenga ukuta wa mawe kukata mto, ili mvua ikija mto ulete mchanga mwingine na mchanga uzuie maji. Kanisa lilitoa saruji. Kila mwanamke alibeba mawe ishirini kwa siku kutoka mlimani, mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Mama alibeba arobaini. Hiyo ndiyo ilikuwa faini yake. Nilihesabu kila siku nikitumaini nimekosea, na kila siku yalikuwa arobaini.

Sikupigwa. Nilingoja kupigwa mpaka nikachoka. Mwishowe nilimfuata njiani nikaanza bei yangu ya kawaida.

"Mwaitu, nibebe ishirini."

Akaendelea kutembea.

"Kumi."

Akauweka sawa ukanda kwenye paji la uso.

"Basi moja."

"Hata moja," akasema, bila kugeuka. "Nenda ukalete maji."

Kwa miaka mingi niliamini amekataa kunisamehe. Nilikuwa nimeshaolewa, nina binti wa darasa la tano, nilipoelewa. Ningebeba jiwe moja tu la ile faini, kijiji kizima kingejua ni la nani, na mpaka leo ningekuwa yule aliyeuza mto wakati ndugu yake ana kiu. Wale wanawake hawakuwa wajinga. Walijua mama anadanganya, wakamwachia uongo wake, lakini hawakumpunguzia hata jiwe. Mvua ya pili maji yalirudi kiwikoni. Mama hakuwahi kulitaja jambo hilo, na sasa hawezi tena.

Basi nilimuuliza huyu dereva wa Emali mchanga ameutoa wapi.

"Mtoni tu, mama."

"Mto gani?"

"Mama, mchanga si ni mchanga? Nitakupunguzia."

Akapunguza. Akapunguza tena, bila mimi kusema neno. Nilimwambia aondoke nao.

Nyumba yangu bado haijapigwa plasta. Majirani wanasema, mnamjua Nduku, anangoja bei ishuke. Siwakatazi.